Chipsi, Bumu na Mishipa ya Moyo: Ushauri kwa Vijana wa Mlola Wanaokwenda Chuo

Vyuo vikuu vinapokaribia kufunguliwa, kati ya Oktoba na Novemba, magari yatokayo Mlola, kwenye milima ya Usambara, kwenda Lushoto mjini hujaa vijana wenye mabegi mapya. Wanapita Magamba, wanateremka kona za Mombo, na wakifika barabara kuu kila mmoja anashika njia yake: huyu Dodoma, yule Morogoro, mwingine Dar es Salaam. Nyumbani wameshausiwa mengi, kuhusu pesa, marafiki, ibada na mapenzi. Kuhusu chakula wameambiwa wasilale njaa. Kuhusu moyo hawakuambiwa kitu, kwa kuwa maradhi ya moyo huko milimani bado yanahesabiwa kuwa ya watu wazima wenye vitambi na magari.

Hesabu hiyo imepitwa na wakati. Mshipa wa moyo hauzibi kwa siku moja. Huanza kuharibika mapema, kwenye umri uleule wa kubeba begi kwenda chuo, na mazoea ambayo kijana anayajenga katika miaka mitatu au minne ya masomo mara nyingi ndiyo anayoendelea nayo akishaajiriwa na kuoa au kuolewa.

Kuhama kwenyewe kunaubadilisha mwili, na jambo hili limepimwa hapahapa Afrika Mashariki. Nchini Kenya watafiti waliwafuatilia Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa nchi kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kwamba presha za waliohama zilikuwa juu kuliko za waliobaki, na tofauti hiyo ilianza kuonekana mapema tu baada ya watu kufika mjini. Haikungoja miaka. Uzito wao nao ulikuwa juu. Mkojo wao ulikuwa na chumvi zaidi na potasiamu pungufu, dalili kwamba vyakula vya chumvi vimeongezeka kwenye sahani huku vya shambani, kama mboga na matunda, vikipungua.

Tanzania ina utafiti wake wa namna hiyo, uliochapishwa mwaka 2010. Watu 209 wa umri wa miaka 15 hadi 59 walipimwa wakiwa Morogoro vijijini kabla ya kuhamia Dar es Salaam, wakapimwa tena baada ya mwaka mmoja hivi. Kabla ya kuhama, karibu wanaume wanane kati ya kumi walikuwa na shughuli za kutoa jasho. Baada ya kuhama walibaki robo tu. Kwa wanawake kiwango kilishuka kutoka asilimia 38 hadi 16. Kila upande uliongezeka uzito wa zaidi ya kilo mbili, na ulaji wa nyama nyekundu ukapanda. Lakini ulaji wa matunda na mboga nao ulipanda, na kolesteroli mbaya haikuongezeka kwa kiwango cha maana. Hilo lisipitwe haraka. Mji haumhukumu mtu kuugua. Unampa vya kuchagua vingi kuliko alivyovizoea, na miongoni mwa hivyo vipo vizuri.

Kwamba chakula kina uzito wake katika jambo hili, wazee wa tiba katika ukanda huu waliliona zamani. Mwaka 1959 A. G. Shaper na K. W. Jones, waliokuwa Kampala, waliandika katika jarida la The Lancet kwamba Waafrika wa Uganda walikuwa na kolesteroli ndogo na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa nadra kwao, ilhali Waasia wa mji huohuo, kwa hali ya hewa ileile, walikuwa na kolesteroli ya juu na waliugua sana. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye chakula. Kizazi cha Waafrika kilichopimwa wakati ule kilikula matoke, viazi, maharage na mboga. Wajukuu wao sasa wamo mabwenini.

Na takwimu za nyumbani zimeshabadilika. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu Watanzania wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takribani mtu mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na takribani mmoja kati ya wanne ana kolesteroli ya juu. Umri huo wa kuanzia, miaka 25, ni mwaka mmoja au miwili tu baada ya mahafali.

Kolesteroli yenyewe si sumu. Mwili hauwezi kuishi bila hiyo, na sehemu kubwa hutengenezwa na ini. Husafirishwa kwenye damu kwa namna mbili kuu. Ile iitwayo LDL, ndiyo kolesteroli mbaya, huipeleka mwilini, na ikizidi huingia kwenye kuta za mishipa, ikajikusanya humo na kuunda uvimbe wa mafuta. Ile iitwayo HDL husaidia kuirudisha kwenye ini. Uvimbe ule ukikua unaufanya mshipa kuwa mwembamba. Siku ukipasuka, damu huganda juu yake na kuziba njia. Ikitokea kwenye moyo ni shambulio la moyo, ikitokea kwenye ubongo ni kiharusi. Uharibifu huu huenda haraka zaidi pale presha ikiwa juu, sukari ikiwa juu, au mtu akivuta sigara.

Kwamba ugonjwa huu huanza ujanani kulithibitishwa kwa njia ya kusikitisha. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mioyo ya askari 300 waliouawa vitani Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Asilimia 77 tayari walikuwa na dalili za ugonjwa kwenye mishipa ya moyo, nao walikuwa vijana waliopita usaili wa jeshi na kuhesabiwa wazima.

Upande wa matumaini unatoka kwa watu wenye asili ya Afrika. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walieleza kwamba baadhi ya Wamarekani Weusi, wapatao asilimia 2.6, wana kasoro katika jeni iitwayo PCSK9 ambayo imewapa LDL ndogo kwa asilimia 28 tangu kuzaliwa. Hatari yao ya kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo ilikuwa pungufu kwa asilimia 88. Kupungua kwa kiasi cha wastani, lakini kwa maisha yote, kuliwapa kinga kubwa mno. Hiyo ndiyo sababu ya kumshauri mtu wa miaka 20 badala ya kumngoja afike 50: punguzo dogo analolianza leo litamfanyia kazi kwa miongo mitatu.

Sasa sahani. Mwanafunzi akitoka maktaba saa tatu usiku, chakula kilicho karibu na kilicho tayari ni chipsi mayai. Muuzaji huchukua viazi alivyokwisha kukaanga nusu tangu jioni, huenda ni viazi vya Lushoto vilevile, akavimwaga kwenye kikaango chenye mafuta, akapigia mayai mawili, akaongeza mafuta pembeni ili isishike, akaigeuza kwa sahani. Kisha chumvi, kisha sosi ya nyanya, kisha soda baridi. Yai lina kolesteroli ya miligramu 200 hivi kwenye kiini, na wengi huliogopa hilo. Kwa watu wengi yai moja kwa siku si tatizo kubwa. Linalohitaji kuangaliwa zaidi ni mafuta, hasa yaliyotumika kutwa nzima mpaka yakawa meusi, pamoja na chumvi na ile soda. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 au zaidi, yaani vijiko vya chai vinane hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana abaki 25.

Hakuna anayemwambia mwanafunzi asile chipsi milele. Mara moja kwa wiki haimuui mtu. Kinachomwelemea ni chipsi kila usiku, na asubuhi chapati mbili na supu yenye mafuta yaliyoelea juu.

Kuhusu mafuta, wanafunzi wengi hudanganyika na maandishi ya kwenye chupa yasemayo kwamba hayana kolesteroli. Ni kweli, lakini hakuna mafuta ya mimea yenye kolesteroli. Wanyama ndio wenye nayo. La kuuliza ni kiasi gani cha mafuta yanayoganda kimo ndani, kwa sababu hayo ndiyo yanayolisukuma ini kuacha LDL nyingi kwenye damu. Mawese yana karibu nusu, nazi ina zaidi ya asilimia 80, na alizeti ina kama asilimia 11. Mtu wa milimani ana kipimo cha bure: asubuhi za Juni na Julai, mafuta yaliyoganda chupani hadi mama akayaweka karibu na jiko ndiyo ya kupunguza. Yaliyobaki majimaji yana nafuu zaidi. Hili halina maana kwamba wali wa nazi wa Tanga upigwe marufuku. Maana yake ni kwamba tui zito si la kila siku.

Na kuna chakula ambacho kijana wa Mlola amekulia nacho, akakichoka, akaapa kutokila tena akifika mjini: makande. Mahindi na maharage. Maharage yana nyuzinyuzi za aina inayoyeyuka, ambazo tumboni huzuia sehemu ya kolesteroli isirudi kwenye damu, na ulaji wake wa kila siku hushusha LDL. Yanashibisha kwa muda mrefu, yana protini, na kwa mama ntilie sahani ya wali maharage na mboga za majani mara nyingi ni nafuu kuliko chipsi kuku. Parachichi, ambalo Lushoto linaoza chini ya miti msimu wake ukifika, lina mafuta ya aina njema kwa mishipa. Karanga pia, zikiwa hazina chumvi. Kijana aliyeacha hivi vyote kwa kuona ni vya kishamba amejipunja mwenyewe, na inauma kuliona kwa sababu amejipunja kwa bei ya juu.

Bei ndiyo inayoleta suala la bumu, yaani fedha za mkopo wa mwanafunzi. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 mkopo wa chakula na malazi umekuwa shilingi 10,000 kwa siku, na fedha hizo huja kwa mkupuo. Kila aliyesoma chuo anajua mwendo wake: wiki za kwanza ni kuku, vinywaji na kutoana, wiki za mwisho ni chai kavu na andazi. Mwili unapitishwa kwenye shibe ya mafuta kisha kwenye njaa ya wanga. Ushauri unaofanya kazi hauhitaji daktari. Siku fedha inapoingia, mwanafunzi alipe kwa mama ntilie mmoja mlo wa mchana wa wiki nne, wakubaliane uwe na maharage au dagaa, mboga za majani na tunda. Wengi wa mama hawa hukubali mpango huo. Kitakachobaki ndicho cha kuchezea.

Wanaoruhusiwa kupika hosteli wana nafasi nzuri zaidi. Wapime mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kutoka chupani, na wapunguze viungo vya vipande, ambavyo vingi ni chumvi tupu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu tano za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyote, pamoja na iliyomo kwenye mkate na kwenye sosi.

Mwendo ni jambo la pili, na hapa kijana wa Usambara anapoteza zaidi kuliko mwenzake wa mjini. Mlola hakuna kwenda popote bila kupanda na kushuka. Shule ni mlima, kisima ni bonde, shamba liko ng'ambo, na mzigo uko kichwani. Akifika chuo, bweni liko mita mia mbili kutoka darasani na penye umbali kuna bajaji. Moyo uliozoea kazi unapewa likizo ghafla, lakini sahani inabaki ya mkulima. Kinachopendekezwa ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaoharakisha pumzi, kama dakika 30 siku tano. Anayesoma Dodoma ana chuo kikubwa kiasi kwamba kutembea tu kati ya ndaki kunatosha akiacha bajaji. Aliye Morogoro ana milima ya Uluguru mbele ya macho. Mpira wa jioni unahesabiwa, kukimbia kunahesabiwa, hata kufua nguo kwa mkono kunasaidia. Kutazama mpira hakuhesabiwi.

Sigara na shisha havina kiwango salama, na anayedhani maji ya shisha yanachuja sumu amedanganywa. Mirungi ya kukeshea mitihani, mbali na kuwa haramu kisheria nchini, hupandisha presha na mapigo ya moyo. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina sukari na kafeini pamoja. Asiyelala siku tatu akavinywa mfululizo asishangae moyo ukimwenda mbio. Usingizi wa saa saba una faida kuliko chochote kati ya hivyo.

Kuna vijana ambao ushauri wa chakula peke yake hautawatosha. Duniani kote takribani mtu mmoja kati ya 250 hadi 300 huzaliwa na hali ya kurithi inayoifanya LDL kuwa juu sana tangu utotoni, awe mwembamba au mnene, ale vizuri au vibaya. Dalili pekee inaweza kuwa historia ya ukoo: baba au kaka aliyepata shambulio la moyo kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya 65. Vijijini vifo vya namna hiyo mara nyingi husimuliwa kwa maneno mengine, kwamba alianguka shambani au alilala hakuamka, na wakati mwingine jirani hutupiwa lawama. Mwanafunzi mwenye ndugu wa damu aliyefariki hivyo akiwa bado na nguvu zake apime mafuta kwenye damu mapema, na amweleze daktari habari hiyo bila kungoja kuulizwa. Akigundulika, dawa zipo na zinafanya kazi.

Kwa wengine, kipimo kimoja mnamo umri wa miaka 20 kinatosha kuanzia, kisha kila miaka minne hadi sita. Majibu yasomwe hivi. Kolesteroli yote kwa jumla inatakiwa iwe chini ya 5.0 kwa kipimo cha mmol/L. LDL chini ya 3.0, trigliseridi chini ya 1.7, HDL iwe zaidi ya 1.0 kwa mwanamume na zaidi ya 1.2 kwa mwanamke. Maabara ikitoa kolesteroli kwa mg/dL, gawanya kwa 39 hivi upate mmol/L. Trigliseridi ina hesabu yake, kwa hiyo aulizwe mtaalamu. Namba moja iliyovuka kidogo si hukumu; hurudiwa na kutazamwa pamoja na presha, sukari, uzito na sigara. Presha nayo ipimwe kila mwaka, maana haina dalili, na ikiwa 140/90 au zaidi kwa vipimo vya siku tofauti inahitaji matibabu. Kiuno kipimwe kwa futi kamba ya fundi nguo: sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke ndipo hatari huanza kuongezeka.

Kuhusu tiba za mitaani, maji ya limao asubuhi hayakati mafuta kwenye mishipa. Kitunguu saumu ni kiungo kizuri cha mboga, lakini hakichukui nafasi ya dawa aliyoandikiwa mtu.

Lazima pia isemwe kwamba maumivu ya moyo kwa kijana wa Kitanzania si lazima yawe ya kolesteroli. Wengi wa umri huo huugua kwa sababu ya homa ya baridi yabisi ya moyo, inayofuata maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa vizuri, ambayo huharibu milango ya moyo. Msichana wa miaka 19 anayeishiwa pumzi kwa ngazi mbili, au anayevimba miguu, asiambiwe kwamba amekuwa mvivu kwa maisha ya mjini. Aende hospitali, na akihitaji bingwa, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam tangu mwaka 2015. Kifua kinachobana ghafla pamoja na jasho jembamba au kuzimia hakingoji asubuhi.

Jambo la mwisho ni karatasi ambayo kila anayechaguliwa chuo huipata pamoja na maelekezo ya kujiunga: fomu ya uchunguzi wa afya. Mara nyingi hujazwa haraka na kugongwa mhuri ili safari isikwame. Wazazi wa Mlola, mkimpeleka mtoto kujaziwa fomu hiyo, ombeni apimwe kweli: presha, uzito, urefu, kiuno na sukari, na kama ukoo una historia ya moyo au kiharusi, aandikiwe na kipimo cha mafuta kwenye damu kwenye hospitali yenye maabara. Nakala ya majibu ibaki nyumbani, na akirudi likizo ya mwaka wa kwanza apimwe tena, namba zilinganishwe.